Jino, Pengo na Nukta: Rivolva Yafaa Kilengeo Gani?

Wapenzi wa rivolva, ile bastola yenye silinda ya risasi inayozunguka, wana ubishi mmoja usioisha, na mara nyingi huanza kwa kejeli. Mmoja wao amefunga kilengeo cha nukta nyekundu juu ya rivolva yake, kile kidude chenye kioo ambacho ukichungulia unaona nukta ya mwanga ikielea mbele yako. Mwenzake anakitazama, anaguna, anauliza kama hiyo ni silaha au kamera. Wengine wanacheka. Nyuma ya kicheko hicho kuna imani isiyosemwa wazi: kwamba rivolva ni chombo cha watu waliotulia wakajifunza kulenga, na nukta ni njia ya mkato ya vijana waliolelewa na bastola za magazini, zile zinazobeba risasi ndani ya mpini.

Mimi naona imani hiyo imeshika ncha isiyo yake. Kijana wa miaka 22 ndiye anayeihitaji nukta kidogo kuliko watu wote. Macho yake yanaruka kutoka karibu hadi mbali bila mwenyewe kujua kwamba yameruka. Anayeihitaji ni yule anayecheka, mwenye miaka 58 na rivolva aliyoinunua akiwa na 30, ambaye siku hizi matundu yake yametawanyika kwenye karatasi na analaumu risasi mpya, au kiganja, au upepo, hata akiwa anapiga ndani ya jengo.

Tuanze na jicho, kwa maana humo ndimo ubishi wote ulimolala.

Vilengeo vya chuma ni vitu viwili: jino la mbele, lililosimama karibu na mdomo wa mtutu, na pengo la nyuma, juu ya fremu, yaani mwili wa silaha. Mlengaji huliingiza jino katikati ya pengo, ncha zikiwa sawa kwa juu, mwanga ukiwa sawa kulia na kushoto, kisha huupeleka mpangilio huo mzima kwenye shabaha. Vitu vitatu, masafa matatu, na jicho la binadamu lina uwezo wa kuona kwa ukali katika masafa mamoja tu kwa wakati. Ndiyo maana kila mkufunzi husema lilelile: tazama jino. Pengo liwe na ukungu kidogo, shabaha nayo iwe na ukungu, lakini jino likae kana kwamba limechongwa kwa wembe.

Agizo hilo ni sahihi kabisa. Shida ni kwamba linadai kitu ambacho mwili huacha kukitoa. Uwezo wa jicho kujirekebisha kutoka mbali hadi karibu hupimwa kwa diopta. Mtoto wa miaka 10 anazo zaidi ya 10. Mtu wa miaka 50 amebakiwa na takriban 2, na wa miaka 60 takriban 1. Sasa chukua rivolva yenye mtutu wa inchi 4 na unyooshe mikono. Jino la mbele litakuwa kiasi cha sentimita 70 kutoka usoni, na kuliona kwa ukali katika umbali huo kunataka diopta 1.4 hivi. Pengo la nyuma liko karibu zaidi, kwa hiyo linataka zaidi.

Rudia hesabu hiyo polepole. Mwenye miaka 22 analipa 1.4 kutoka kwenye mfuko uliojaa. Mwenye 50 anatoa karibu vyote alivyonavyo, na jicho halikubali kushikilia kikomo chake kwa muda. Linachoka, linaachia, linarudi mbali. Mwenye 60 hana cha kulipia. Halitazami jino vibaya kwa uzembe, halioni, basi. Unaweza kumfokea "tazama jino" mpaka sauti ikukauke, utakuwa unamwamuru mtu achote maji kisimani kwa kamba fupi.

Jambo hili linajificha vizuri, na ndilo linalofanya watu wabishane bila kuelewana. Mchana wa jua kali mboni hujibana, na mboni iliyobana hufanya kazi ya tundu dogo: kila kitu, cha karibu na cha mbali, kinaonekana kwa ukali zaidi kidogo. Mzee anapiga vizuri saa sita mchana na kujiambia macho yake bado mazima. Ikifika jioni, mboni inapanuka na jino linageuka kuwa kivuli chenye kingo mbili. Mwindaji anajua kwamba wanyama wengi hutoka saa hizohizo, na kwamba jino jeusi mbele ya bega la mnyama wa rangi ya giza halina tofauti na kutokuwa na jino. Kilengeo kilichompa sifa saa sita kinamtupa mkono saa kumi na mbili na nusu.

Hapa ndipo nukta inapoingia, na inaingia kama miwani kuliko kama silaha. Kioo kimepangwa ili mwanga wa nukta ufike kwenye jicho kana kwamba unatoka mbali sana. Mlengaji anatazama shabaha, macho yote mawili wazi, na nukta inakuwa hapohapo kwenye shabaha, katika masafa yaleyale. Hakuna cha kuruka kwenda karibu. Masafa matatu yamekuwa mamoja, na jicho la miaka 60 linafanya lile ambalo bado linaliweza vizuri, yaani kutazama mbali.

Kuna hoja ya pili, nayo ni ya jometri tupu. Kwenye vilengeo vya chuma, kosa dogo kati ya jino na pengo hukua kadiri shabaha inavyokwenda mbali. Kama umbali kati ya jino na pengo ni milimita 150, jino likikaa milimita 1 tu pembeni ya mahali pake, risasi itatua karibu sentimita 17 pembeni ya shabaha iliyo mita 25. Kwenye rivolva ya mfukoni, ambako jino na pengo vimeachana kwa kiasi cha milimita 100, kosa lilelile linakuwa sentimita 25. Milimita moja ni unene wa kadi ya benki na ziada kidogo. Jicho lenye ukungu haliwezi kuiona. Nukta haina mpangilio wa namna hiyo: ikikaa pembeni mwa kioo badala ya katikati, risasi bado huenda karibu sana na pale nukta ilipo, na hitilafu inayobaki ni ndogo kiasi kwamba kwa masafa ya rivolva watu wengi hawaigundui.

Lakini hesabu hiyohiyo inawapa watetezi wa chuma hoja nzuri, na sitaifunika. Irudishe shabaha hadi mita 7. Kosa la milimita 1 kwenye rivolva ile ya mfukoni sasa ni sentimita 7, na kwenye ile kubwa ni chini ya 5. Katika umbali huo hata jino lenye ukungu linatosha. Mtu anayebeba rivolva ndogo kwa ajili ya hatari ya karibu, ya hatua chache, hapungukiwi na usahihi ambao nukta ingempa. Anachopungukiwa ni muda, na hilo ni suala jingine tutakalolifikia.

Jibu kubwa la kambi ya chuma, hata hivyo, ni miwani yenyewe. Wanasema: kama tatizo ni jicho, lirekebishe jicho, uiache rivolva ilivyo. Na ni kweli kwamba walenga shabaha wazoefu wamefanya hivyo kwa miaka mingi. Mtaalamu wa macho huongeza diopta 0.5 au 0.75 juu ya miwani yako ya mbali. Jino linarudi kuwa kali, shabaha inabaki na ukungu unaovumilika. Mashindano ya bastola ya ISSF, shirikisho la kimataifa la kulenga shabaha, huruhusu vilengeo vya wazi tu, yaani jino na pengo, na yanakataza lenzi ya kurekebisha macho isifungwe kwenye silaha, ila mshindani anaweza kuivaa usoni. Watu wa umri mkubwa hushindana hivyo na kupata alama ambazo vijana hawaziotei ndoto.

Ninaikubali dawa hiyo kwenye uwanja wa kulengea. Nje ya uwanja ina walakini. Miwani ya jino huvaliwa ukijua unakwenda kupiga. Mwindaji anayetembea porini saa nne mfululizo hawezi kuvaa lenzi inayompa ukungu mbali, kwa sababu kazi yake kubwa ni kuona mbali. Mtu anayeamshwa na kishindo usiku haanzi kuchagua kati ya miwani miwili. Wenye lenzi za sehemu mbili, juu ya mbali na chini ya kusomea, huishia kuinua kidevu na kuchungulia kwa chini kama anayesoma bei ya dawa kwenye chupa. Ukimwona mzee kwenye mstari wa kupigia kidevu kikiwa juu, usidhani ni maringo. Analitafuta jino.

Nukta nayo haiponyi kila jicho. Mwenye astigmatizimu, yaani jicho ambalo mviringo wake si sawa pande zote, haoni nukta; anaona koma, au nyota yenye miguu, au zabibu tatu zilizoshikana. Kupunguza mwanga wa nukta husaidia, miwani sahihi husaidia zaidi, na vilengeo ambavyo alama yake imechongwa ndani ya kioo badala ya kumulikwa husaidia wengine. Bado kuna watu ambao wakishaijaribu nukta hurudi kwenye jino kwa haki yao. Ndiyo maana ushauri wa kununua kabla ya kuchungulia kupitia kioo cha mtu mwingine ni ushauri wa hasara.

Kuhusu ile hoja ya jadi, sina haja ya kukaa nayo sana. Vilengeo vya chuma havijawahi kukaa mahali pamoja. Rivolva za Samuel Colt za katikati ya karne ya 19 zilikuwa na pengo la nyuma lililokatwa kwenye nyundo, kwa hiyo ukishusha nyundo kilengeo kinatoweka. Ile Single Action Army ya 1873 ikawa na mfereji tu juu ya fremu. Ruger Blackhawk ilipotoka mwaka 1955 ikaja na kilengeo cha nyuma cha kurekebishwa kwa skrubu, na hakuna aliyesema Wamarekani wamesaliti mababu zao. Wazo la kuakisi alama kwenye kioo lilipewa hataza na Howard Grubb, mtengeneza darubini wa Dublin, mwaka 1900. Nukta ya umeme iliuzwa na Aimpoint ya Uswidi tangu 1975. Ruger Super Redhawk ya 1987 ilitoka kiwandani ikiwa na mikato kwenye fremu ya kushikia pete za darubini. Kitu chenye umri huo hakiwezi kuitwa cha jana.

Jambo ambalo limeachwa nje ya ubishi, na ambalo mimi naliona zito, ni jinsi rivolva inavyoruka. Mtutu wake uko juu sana ya kiganja. Baruti ikiwaka, silaha huanza kugeuka kwenda juu kabla risasi haijatoka mdomoni. Watengenezaji wanalijua hili, ndiyo maana jino la rivolva huwa refu: ukilaza rula juu ya jino na pengo utaona mtutu umeelekea chini kidogo. Unaelekea chini ili kugeuka kule kuurudishe mahali pake. Risasi nzito iendayo polepole hukaa ndani ya mtutu muda mrefu zaidi, silaha inageuka zaidi, na risasi inatua juu. Nyepesi yenye kasi huwahi kutoka na kutua chini. Anayeijua fizikia ya shuleni lakini hajashika rivolva hutarajia kinyume chake.

Maana yake ni kwamba vilengeo visivyorekebishika vimefungwa ndoa na risasi moja. Rivolva nyingi za .38 Special, aina ya risasi ya kawaida ya rivolva, zilipangwa kwa risasi ya gramu 10 hivi, ile ya greni 158. Mwenye nayo akihamia risasi nyepesi ya gramu 7 kwa sababu teke lake ni dogo, matundu yanashuka. Afanye nini? Anaweza kulipiga jino tupa, na kweli jino likifupishwa risasi hupanda. Lakini tupa haina kurudi nyuma, na ukiirudia ile risasi nzito umeshajiharibia. Au anajifunza kulenga juu kidogo, akikumbuka kila mara ni risasi ipi iliyo ndani ya silinda. Nukta hurekebishwa kwa kugeuza skrubu kidogo, na kesho unairudisha. Kilengeo cha chuma cha kurekebishwa nacho kinaweza, tuseme ukweli. Lakini rivolva ndogo nyingi hazikitumii, na ndizo ambazo wenye viganja dhaifu huzijaribisha kwa risasi za kila aina.

Ninapenda pia kitu kimoja ambacho rivolva inaipa nukta bure. Kwenye bastola ya magazini, kioo hukaa juu ya sehemu inayosukumwa nyuma kwa nguvu na kurudishwa mbele kwa springi kila risasi inapotoka. Kinapigwa mara mbili, kwenda na kurudi. Kwenye rivolva kimekaa juu ya fremu isiyosogea. Kinapigwa teke moja pamoja na silaha nzima. Watu wanaosema nukta ni ya bastola za kisasa na haiwezi rivolva wamegeuza ukweli: rivolva ya wastani ndiyo makao tulivu zaidi.

Nimesema ya wastani. Ukipanda hadi risasi zenye nguvu kubwa kama .44 Magnum, .454 Casull, au .500 Magnum ambayo Smith & Wesson iliitoa mwaka 2003, mazungumzo yanabadilika. Skrubu zinazoshikilia kioo ni nyembamba, na teke la silaha hizo huzikata au huzilegeza hata kama zimepakwa gundi yake. Uzito wa kilengeo chenyewe unahesabiwa hapa. Kioo kidogo cha nukta kilicho wazi huwa na gramu 30 na kitu. Darubini ya bastola yenye pete zake inaweza kuzidi gramu 250. Kwa teke lilelile, darubini inazivuta skrubu kwa nguvu ya mara saba au nane. Hiyo ni sababu moja iliyofanya wawindaji wengi waliokuwa na darubini wahamie kwenye nukta. Sababu nyingine ni kwamba darubini ya kukuza mara 4 hukuza na mtetemo wa mikono mara 4, na huonyesha picha nzima pale tu jicho likikaa mahali pake hasa. Kwa mtu aliyeegemeza silaha juu ya gogo akisubiri mnyama mita 100, darubini bado ina nafasi yake. Kwa kusimama na kunyoosha mikono, ni mateso.

Sasa madai mazito ya chuma, yale ambayo nisingependa mtu wa nukta ayapuuze.

Kwanza, rivolva hutema moto pembeni. Kati ya silinda na mtutu kuna mwanya mdogo, sehemu tu ya milimita, na gesi ya baruti pamoja na vumbi la risasi hutoka humo kila unapofyatua. Fremu huikinga sehemu ya juu, lakini si yote, na kioo kilichofungwa karibu na hapo huanza kupata ukungu wa masizi upande wa mbele. Baada ya kasha la risasi 50 unaweza kuwa unatazama dunia kupitia dirisha la jiko la kuni. Nukta bado inaonekana, shabaha ndiyo inayofifia. Hufutika kwa kitambaa na mafuta kidogo, lakini jino la chuma huhitaji kufutwa mara chache zaidi.

Pili, na hili ndilo linalonikera zaidi katika upande ninaoutetea: kwenye rivolva nyingi, msingi wa kufungia kioo hutumia matundu ya skrubu ya kilengeo cha nyuma. Unaling'oa pengo ili uweke nukta. Kwenye bastola nyingi za magazini unaweza kuacha vilengeo virefu vya chuma vikaonekana kupitia kioo, betri ikifa unaendelea. Hapa betri ikifa umebaki na jino lisilo na pengo. Watu hujibu kwamba betri za siku hizi hukaa. Aimpoint Micro T-2, kwa mfano, hudumu saa 50,000 kwa betri moja ya CR2032, zaidi ya miaka 5 ikiwa imewashwa mfululizo. Hilo ni kweli kwa bidhaa nzuri. Si kweli kwa kila kidude kinachofanana nayo, na hata bidhaa nzuri huanguka kwenye saruji.

Tatu ni ule muda niliouahidi. Jino la chuma linapokosea linakwambia limekosea wapi. Ukiinua rivolva na jino likaonekana juu ya pengo, umejua kwamba mdomo uko juu, shusha. Nukta ikitoka nje ya kioo haisemi kitu. Unabaki na kioo kitupu, na mwanafunzi mpya huanza kuzungusha mkono kama anayetafuta mtandao wa simu. Rivolva inaliongeza tatizo hili kwa sababu mipini yake hutofautiana sana pembe, na kilengeo kimekaa juu zaidi kuliko jino lilivyokuwa, kwa hiyo kiganja kilichozoea miaka 20 kinaileta silaha mahali pa zamani. Kwa risasi ya kwanza, ya haraka, ya karibu, mtu wa chuma mara nyingi atawahi. Dawa ya hili ni mazoezi ya silinda tupu, mamia kwa mamia, na asiyekusudia kuyafanya aachane na nukta mapema.

Nne, mfukoni na kwenye ala. Rivolva ndogo ilipendwa kwa sababu ya umbo lake laini, lisilonasa kwenye nguo. Kioo kinavunja umbo hilo. Ni kweli kwamba siku hizi kampuni ya Taurus inauza rivolva ndogo ya 856 iliyo tayari kufungwa nukta, kwa hiyo wapo wanaotaka. Mimi sioni kwa nini rivolva ya hatua chache ibebe kitu cha kunasa.

Na tano ni masafa marefu, ambako watu hudhani chuma hakifiki. Tangu 1976 chama cha IHMSA kimekuwa kikishindanisha bastola dhidi ya sanamu za chuma za wanyama: kuku mita 50, nguruwe 100, bata mzinga 150, kondoo dume 200. Watu wamewaangusha kondoo hao kwa rivolva zenye jino na pengo. Katika mita 200 risasi ya .44 Magnum imeshaanguka zaidi ya mita moja kutoka mstari wa mtutu, na Elmer Keith, mwandishi wa Kimarekani aliyeipigania sana katriji hiyo, alikuwa na mbinu ya kulinyanyua jino juu ya pengo kwa kipimo, akitumia mistari ya dhahabu iliyopachikwa kwenye jino kama ngazi. Shabaha inakaa juu ya jino, inaonekana muda wote. Kwa nukta moja inabidi uipeleke hewani juu ya shabaha na kukisia. Kwa kazi hiyo chuma, mikononi mwa mwenye macho mazima, kina werevu ambao nukta haina.

Mwenye macho mazima. Kila hoja ya chuma niliyoitaja, ukiichunguza, ina sharti hilo limejificha ndani yake. Jino linakwambia limekosea wapi, kama unaliona. Mistari ya Keith ni ngazi, kama unaihesabu. Hoja za betri, masizi na skrubu ni za kweli, lakini zinazungumzia kilengeo kinachoweza kuharibika siku moja. Jicho la miaka 60 limeshaharibika, tena kila siku, na hakuna duka la kulibadilisha.

Niongeze onyo kwa wanaohama. Nukta haifundishi kifyatulio. Rivolva inayofyatuliwa bila kuinua nyundo kwanza huvutwa kwa uzito wa kilo 5 hivi, na wakati wote huo nukta itacheza mbele yako kama inzi. Jino nalo lilikuwa likicheza vilevile, ila hukuliona vizuri. Anayeshtuka huanza kuinyemelea nukta, akisubiri ipite katikati ili akurupuke kuvuta, na risasi inakwenda chini kushoto. Iache icheze. Endelea kuvuta. Usichague nukta kubwa ukidhani itatulia: nukta ya dakika 6 za pembe (dakika moja ni sehemu ya 60 ya digrii) hufunika sentimita 4.4 katika mita 25, karibu upana wote wa duara la alama kumi kwenye karatasi ya mita 25, ambao ni sentimita 5. Ya dakika 3 hufunika nusu ya hapo.

Kwa hiyo hukumu yangu si sawa kwa kila mkono. Rivolva ya mfukoni ibaki na jino, likipakwa rangi angavu ili lionekane. Zile zenye teke la kuvunja viganja nazo zibaki na chuma, isipokuwa mwenyewe amejipanga kukagua skrubu kila baada ya risasi chache. Rivolva ya kati, ya .38, .357 au .22, yenye mtutu wa inchi 4 au 6, mikononi mwa mtu aliyepita miaka 50, ifungwe nukta bila kuona haya, baada ya yeye kuchungulia ya mwenzake kwanza.

Limebaki kundi moja ambalo ningelikataza: wenye rivolva za zamani ambazo fremu zake hazikutobolewa kiwandani. Wapo mafundi watakaokutobolea kwa saa moja. Fremu ya juu ya rivolva kuukuu ni nyembamba kuliko inavyoonekana, tundu la skrubu halizibiki, na thamani ya silaha hairudi. Kwa hiyo, mzee mwenye rivolva ya namna hiyo, nenda kwa mtaalamu wa macho, umwambie unataka kuona kitu kilicho sentimita 70 kutoka usoni. Silaha iache nyumbani, nenda na kipimo cha mkono wako ulionyooshwa.